Dirisha la Karani na Lango la Malori: Historia ya Kuhamisha Mafaili na Faida Yake Nyumbani

Ninyi mliokusanyika katika vikundi vya kusikiliza huko Tunduma, Vwawa, Mlowo, Itumba na Mkwajuni, na ninyi mnaosikiliza peke yenu majumbani, karibuni katika somo letu la historia. Mwenye kalamu na karatasi aviweke karibu, kwa maana mwishoni kuna maswali ya kuzungumza.

Leo tutatazama namna watu walivyopata njia ya kuweka maandishi mahali pamoja, ili kila mwenye ruhusa aende akachukue anachokitaka. Chombo tutakachokisoma huitwa FTP. Herufi hizo tatu ni jina la kanuni ya kuhamisha mafaili kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Watu wengi huona kwamba jambo hili ni la mafundi tu. Lakini mtu akijua historia yake, ataweza kukitumia chombo hiki nyumbani kwake bila hasara, na atajua pia mahali ambapo hakifai.

Kwanza chukueni mfano wa nyumba moja ya Tunduma. Si nyumba ya mtu fulani, ni mfano tu. Baba ni wakala wa forodha, na simu yake imejaa picha za hati za mizigo. Mama ana duka la nafaka, naye huweka picha za risiti katika simu yake. Binti yao anasoma sekondari, na ana kompyuta kuukuu ya mezani. Baba akitaka binti amchapie hati moja, huituma kwa mtandao. Mara nyingi faili hilo hutoka nje ya nyumba, likaenda hadi kwenye mitambo iliyo mbali sana, kisha likarudi katika chumba kilicho hatua tatu tu kutoka aliposimama baba. Bando limeliwa mara mbili, la kutuma na la kupokea. Na siku simu ya baba itakapoanguka majini, au itakaponyakuliwa stendi, hati za kiwanja, nakala za vyeti vya kuzaliwa na hesabu za mwaka mzima zitapotea pamoja nayo.

Basi shida ya nyumba hii ni mbili: maandishi hayana kabati, na njia ya kuyafikia ni ndefu kuliko inavyopaswa kuwa. Shida hizi si ngeni katika nchi hii ya mpakani. Tuanze na jambo moja lililotokea hapa zaidi ya miaka mia iliyopita.

HABARI ILIYOCHELEWA

Mpaka tunaouona leo kati ya Tunduma na Nakonde ulitokana na mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya tarehe 1 Julai 1890. Wanyamwanga walijikuta pande zote mbili, ndugu huku na ndugu kule. Siku zile barua zilichukuliwa na matarishi waliokwenda kwa miguu. Kisha Cecil Rhodes alitaka kuvuta waya wa simu kutoka kusini ya Afrika mpaka Misri. Waya huo ulipita kando ya Ziwa Nyasa, ukafika Karonga, ukaendelea hadi Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala. Yaani ulipita karibu sana na nchi hii, upande wa kusini wa mpaka. Mwezi Machi 1899 Rhodes alikwenda Berlin kuonana na Mfalme wa Wajerumani, akapata ruhusa ya kuupitisha waya katika nchi yao hadi Ujiji. Hakuwahi kufika Misri.

Sasa tazameni yaliyotokea mwaka 1918. Jeshi la Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck liliingia Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, kwa kupitia sehemu hizi. Mwanzoni mwa Novemba lilikishambulia kituo cha Waingereza cha Fife, si mbali na Nakonde ya leo, lakini halikukitwaa. Likaendelea kusini hadi Kasama. Tarehe 11 Novemba vita ilisimamishwa Ulaya. Huku kwetu risasi zilikuwa zikilia bado tarehe 12. Lettow-Vorbeck alipata habari tarehe 13, karibu na mto Chambeshi, kwa hati alizokutwa nazo tarishi wa Kiingereza aliyepanda pikipiki. Alisalimisha silaha Abercorn tarehe 25 Novemba.

Habari ilikuwapo, na waya ulikuwapo. Kilichokosekana ni mahali ambapo watu walio njiani wangeweza kwenda wenyewe na kuichukua. Askari na wapagazi wa Kiafrika, ambao wengi wao hawakuijua hata sababu ya vita hiyo, ndio walioendelea kuumia. Kutuma ujumbe ni jambo moja, na kuuweka mahali unapoweza kufikiwa ni jambo la pili.

KOMPYUTA ZA KWANZA

Tuje sasa kwenye kompyuta. Nchini Tanzania kompyuta ya kwanza iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa aina ya ICT 1500. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya kupata taabu na hasara katika kazi ya hesabu, na marufuku hiyo ikaja kulegezwa baadaye. Nalitaja jambo hili ili tusidhani kwamba wazee wetu walikuwa wakilala. Walikijaribu chombo, wakaona gharama yake, wakasita.

Katika miaka hiyo mtu aliyetaka kuhamisha maandishi kutoka kompyuta moja hadi nyingine mara nyingi aliyabeba kwa mikono. Yaliandikwa katika kadi zenye matundu, au katika kanda za sumaku. Kanda iliwekwa ndani ya mkoba, mtu akapanda gari. Kwa maneno mengine, alikuwa tarishi yule yule wa zamani, ila mzigo wake ulikuwa mpya.

Mwaka 1969 wataalamu wa Marekani walianza kuziunganisha kompyuta za vyuo kwa waya, katika mtandao ulioitwa ARPANET. Mara wakakutana na tatizo. Kompyuta zile zilitengenezwa na viwanda mbalimbali, na kila moja ilikuwa na desturi yake ya kuyapa mafaili majina na kuyapanga. Zilikuwa kama watu wawili sokoni, mmoja asemaye Kinyiha na mwingine Kifaransa, wala hakuna mkalimani.

Aliyeandika kanuni ya kuondoa tatizo hilo ni Abhay Bhushan, kijana kutoka Bara Hindi aliyekuwa katika chuo cha MIT. Andiko lake lilitoka tarehe 16 Aprili 1971, na katika mfululizo wa maandiko ya mtandao ule ni la 114. Hiyo ndiyo FTP ya kwanza. Ni ya zamani kuliko mtandao wa intaneti kama tunavyoujua, kwa sababu kanuni za intaneti zilianza kutumika rasmi katika ARPANET tarehe 1 Januari 1983. Hata barua za kompyuta zilipoanza, kwa miaka kadhaa zilisafiri kwa amri zilizoongezwa ndani ya FTP, kabla ya kupewa kanuni yao wenyewe. Kanuni ya FTP ilirekebishwa mara nyingi, na maandishi yaliyo msingi wake hata leo yalitolewa Oktoba 1985 na Jon Postel na Joyce Reynolds.

MILANGO MIWILI

Sasa sikilizeni vizuri namna FTP inavyofanya kazi. Watu wa Tunduma wataielewa upesi kuliko wengine.

Lori likifika mpakani, wakala huenda dirishani kwa karani. Pale yapo maneno tu: jina lako nani, hati ziko wapi, mzigo ni wa nani, unakwenda wapi. Lori lenyewe halipiti dirishani. Hupita langoni, na hupita pale tu maneno ya dirishani yakiisha vizuri. FTP imejengwa vivyo hivyo. Ina njia mbili. Njia ya kwanza ni ya maneno, nayo hutumia mlango nambari 21. Hapo kompyuta ya mgeni hubisha hodi, hutaja jina na neno la siri, kisha husema inataka faili gani. Njia ya pili ni ya mzigo, nayo hufunguliwa kwa ajili ya faili lenyewe na kufungwa faili likiisha kupita. Kompyuta inayotunza mafaili na kuwajibu wageni huitwa seva.

Hapo mwanzo ilikuwa desturi kwamba mgeni akiisha kuagiza, seva yenyewe hurudi kumfungulia mgeni njia ya mzigo. Jambo hili halikuwa na taabu wakati milango yote iko wazi. Lakini kompyuta zilipoanza kuwekewa kinga, walinzi wa upande wa mgeni waliona kitu kisichojulikana kikibisha kutoka nje, wakakizuia. Kwa hiyo ikatumika zaidi namna ya pili, ambayo mgeni ndiye afunguaye njia zote mbili. Mwezi Februari 1994 mtaalamu Steven Bellovin aliandika kupendekeza namna hii, na ndiyo inayotumika sana sasa. Basi kama umeweka seva nyumbani, ukaona jina limekubaliwa lakini orodha ya mafaili haitokei, fahamu kwamba mara nyingi karani amekubali, ila lango la malori limefungwa.

Kuna jambo jingine la historia ambalo ni kubwa kuliko hilo. Mwaka 1971 vituo vya mtandao ule havikufika ishirini. Watu walijuana kwa majina. Kwa hiyo FTP ilipeleka jina na neno la siri kama yalivyo, bila kuyafunika, mfano wa barua isiyo na bahasha. Hapakuwa na uzembe. Kijijini ambako kila mtu ni jirani, nani hufunga mlango mchana?

WAKATI WA UKARIMU, NA WAKATI WA HADHARI

Ukarimu huo ulileta faida kubwa. Vyuo vingi viliweka seva zilizokuwa wazi kwa kila mtu. Mgeni aliandika jina moja lililojulikana kwa wote, maana yake mtu asiyetajwa, na mahali pa neno la siri aliandika anwani yake kwa adabu tu. Kisha alichukua vitabu, programu na utafiti bila malipo. Mafaili yakawa mengi hata hayakuweza kutafutwa kwa macho. Mwaka 1990 Alan Emtage, mzaliwa wa kisiwa cha Barbados aliyekuwa chuo cha McGill huko Kanada, alitengeneza orodha iliyoitwa Archie, iliyotaja faili gani liko katika seva gani. Ndiyo mzee wa mitambo yote ya kutafutia inayotumika leo.

Afrika nayo haikukaa nje. Jirani zetu wa Zambia walianza kupeleka barua za kompyuta mwaka 1991. Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Zambia, Lusaka, ilipiga simu ya kawaida hadi Chuo Kikuu cha Rhodes huko Afrika Kusini, ikabadilishana mafungu ya barua, kisha ikakata. Mwaka 1994 chuo hicho kilianzisha ZAMNET, na Zambia ikawa miongoni mwa nchi za kwanza kusini ya Sahara kuunganishwa na intaneti kamili. Katika miaka hiyo mtu aliyekuwa na barua za kompyuta tu, bila intaneti, aliweza kuandika barua kwa seva maalumu, nayo ikamtolea faili kwa FTP na kumrudishia limekatwa vipande katika barua. Ilichukua saa nyingi, pengine siku, lakini lilifika.

Tanzania ilipata mkongo wake wa kwanza wa baharini, SEACOM, mwezi Julai 2009. Baada ya hapo mkongo wa taifa ulitandazwa mikoani, na Tunduma ikawa mahali unapoungana na Zambia. Njia ya zamani ya matarishi, na ya barabara kuu, na ya reli ya TAZARA iliyokamilika katika miaka ya 1970, sasa ikawa pia njia ya mwanga unaobeba maandishi. Mwaka 2016 Mkoa wa Songwe ulipozaliwa kutoka Mkoa wa Mbeya, ulizaliwa ukiwa na njia hiyo mlangoni. Tarehe 5 Oktoba 2019 Marais wa Tanzania na Zambia walikizindua kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde, ili mzigo ukaguliwe mahali pamoja badala ya mara mbili.

Lakini mji ukikua, wezi nao huja. Tayari mwaka 1995 mtu alikuwa ameyanasa maneno ya siri yaliyokuwa yakipita katika mtandao wa chuo kimoja cha Helsinki, Finland. Mtaalamu wa chuo hicho, Tatu Ylönen, akatengeneza SSH, njia inayofunika kila neno kabla halijasafiri. Kutokana nayo ikaja SFTP, ambayo huhamisha mafaili ndani ya bahasha iliyofungwa. Majina yanafanana, lakini ni vyombo viwili. Mwaka 2021 programu za kufungulia kurasa, Chrome na Firefox, ziliacha kabisa kuifungua FTP. Hapo ndipo watu wengi waliposema FTP imekufa.

KABATI LA NYUMBA

Haikufa. Imerudi mahali pa watu wachache wanaojuana, na hapo ndipo ilipozaliwa. Nyumba ni mahali pa namna hiyo. Haya turudi katika nyumba yetu ya mfano, tuone wafanye nini.

Kwanza, ile kompyuta kuukuu ya binti ndiyo iwe seva. Kazi yenyewe si nzito. Iunganishwe na ruta ya nyumbani, ikiwezekana kwa waya. Kama ruta haina bando siku hiyo si neno, maana mafaili yanapita ndani ya nyumba tu, wala bando haliliwi hata kidogo.

Pili, iwekwe programu ya seva. Kwa Windows ipo FileZilla Server, kwa Linux ipo vsftpd, nazo hazilipiwi.

Tatu, kompyuta hiyo ipewe anwani isiyobadilika ndani ya ruta. Anwani za nyumbani aghalabu huanza na 192.168. Ikibadilika kila siku, watu wa nyumbani watabisha hodi kwa jirani.

Nne, lichaguliwe folda moja tu la kushirikiana, wala si kompyuta nzima. Ndani yake yawepo matatu: la baba, la mama, na la familia nzima. Kila mtu apewe jina lake na neno lake la siri. Binti aweze kusoma hati za baba ili azichape, lakini asiweze kuzifuta. Ruhusa ya kusoma na ruhusa ya kufuta ni vitu viwili, na nyumba nyingi zimelia kwa kutovitenganisha.

Tano, katika simu iwekwe programu ya kufungulia FTP. Baba akifika nyumbani jioni, apeleke picha za hati za siku hiyo kabatini kabla ya kula.

Sita, na hili ndilo historia inalotufundisha: mlango nambari 21 usifunguliwe kwa dunia nzima katika ruta. Ukiufungua, umeweka barua isiyo na bahasha katikati ya stendi. Kama mtu anataka kuyafikia mafaili akiwa Vwawa au Lusaka, atumie SFTP, au amwombe fundi amwekee njia iliyofunikwa. Hata ndani ya nyumba, kama programu inakubali kufunika maneno, afadhali ifunike, khasa ikiwa wapangaji na wageni hutumia ruta hiyo hiyo.

Saba, umeme hukatika, na diski huchakaa. Kabati moja si akiba. Kila mwisho wa juma nakala iwekwe katika diski ya pembeni, na diski hiyo ikae mahali pengine. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini hawakusema haiungui.

Wasikilizaji, huenda mtu akauliza: kwa nini tumepita njia ndefu ya matarishi, waya na vita ili tufike kwenye kompyuta ya mezani? Ni kwa sababu kila chombo huchukua tabia ya watu waliokitengeneza. FTP ilitengenezwa na watu walioaminiana, kwa watu walioaminiana. Nyumbani, tabia hiyo ni faida. Njiani, tabia hiyo hiyo ni hatari. Asiyeijua historia huona jina la chombo tu, basi hukitupa palipofaa, au hukiweka pasipofaa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA VIKUNDI

1. Habari ya mwisho wa vita ilimfikia Lettow-Vorbeck siku mbili baadaye ingawa waya ulikuwapo. Taja habari moja iliyochelewa katika familia au kijiji chenu, na mweleze ilikwama wapi.

2. Eleza kwa mfano wa mpaka wa Tunduma tofauti kati ya njia ya maneno na njia ya mzigo katika FTP.

3. Kwa nini mwaka 1971 haikuonekana hatari kupeleka neno la siri bila kulifunika, na kwa nini leo ni hatari?

4. Orodhesheni maandishi matano ambayo familia ikiyapoteza itapata hasara. Kila moja sasa limewekwa wapi, na ni nani mwingine anayeweza kulipata mwenye nalo asipokuwapo?

Kikundi kitakachomaliza maswali haya kianze na swali la nne tena, mara hii kila mtu kwa nyumba yake mwenyewe.